Nilienda Kondele kununua kofi

Baba yangu ana miaka 85. Mwezi uliopita alitolewa mtoto wa jicho, jicho la kulia, na siku bandeji ilipofunguliwa hakuulizia chai wala redio yake. Alisema anataka kuona kofi.

"Kofi gani, Baba?"

"La Poitier. Mzungu alimzaba, naye akamrudishia hapo hapo. Nitafutie hiyo filamu, nyathina, mwanangu, kabla hili jicho halijazoea kuona upuzi."

Haya. Mimi huuza mapazia soko la Kibuye, hapa Kisumu, mambo ya filamu si fani yangu. Nilianza na simu, kwenye huduma moja ya kulipia kila mwezi ambayo binti yangu amejiunga nayo. Humo mlikuwa na filamu chungu nzima za wasichana wanaopendana na mabosi wao kwenye theluji, lakini Sidney Poitier, yule mwigizaji Mweusi wa Marekani, hata mmoja. Bando la siku likaishia kwenye kutafuta. Ndipo jirani akaniambia niende kwa kijana wa muvi pale Kondele, mlango wa kijani. Nimeshaenda mara kadhaa, kwa hiyo nadhani nina haki ya kutoa maoni.

Kibanda hakijaandikwa jina popote. Ukishuka matatu karibu na ile barabara ya juu, vuka upande wa wauza viatu vya mitumba kisha fuata kelele. Spika iko mlangoni, na kutwa nzima inamrusha DJ anayetafsiri filamu za mateke. Ndani wanatosha wateja watatu wakipumua kwa zamu. Kuna kompyuta mbili, feni moja inayogeukia kompyuta badala ya watu, na benchi ambalo mguu wake mmoja ni tofali. Bei zimeandikwa kwa kalamu nyekundu kwenye kipande cha katoni: muvi moja shilingi 20, kumi kwa 150, series msimu mzima 100. Vitu vya zamani, "vya kutafutwa", ni 50 kila kimoja na nusu unalipa mbele. Flashi niliinunua pale pale kwa 900. Baadaye nikaiona kwa 750 hatua ishirini tu kutoka pale, kwa hiyo nendeni na yenu.

Najua wapo watakaoniuliza habari ya hakimiliki. Nionyesheni duka la halali Kisumu linalouza filamu za mwaka wa 1950, nitakuwa wa kwanza kwenye foleni.

Mazungumzo yetu ya siku ya kwanza yalienda hivi:

"Nataka Sidney Poitier."

"Hiyo ni series?"

"Ni mtu."

"Sawa, mathe. Unamtaka wa DJ ama mkavu?"

Nilitaka kuondoka. Lakini kijana hakujifanya anajua, na hilo ndilo lililonikalisha kwenye benchi la tofali. Alifungua daftari la hesabu, akaniomba nimtajie jina herufi moja moja, akaniuliza huyo mtu ni wa miaka gani, wa nchi gani, na ni nani aliyenituma. Nilipomwambia ni Baba na habari ya kofi, akacheka, akaiandika pia: "KOFI". Akasema nirudi Ijumaa.

Ijumaa nilimkuta amebadilika. "Mathe, huyu jamaa ana stori!" Akasimamisha kazi ya mteja mwingine (ambaye alinuna, na haki yake) akaanza kunihadithia kama mtu aliyetoka matangani. Kwamba Poitier alizaliwa Miami, tarehe 20 Februari 1927, kwa bahati tu, maana wazazi wake walikuwa wakulima wa nyanya wa kisiwa cha Cat Island kule Bahamas na walikuwa wamevuka kwenda kuuza mazao. Mtoto akaja njiti, mdogo hivi kwamba baba yake alitafuta kijisanduku cha kumzikia. Mama akakataa, akaenda kwa mpiga ramli, akaambiwa huyu ataishi. Akaishi miaka 94. Amefariki tarehe 6 Januari 2022.

"Na mathe, unajua alianza kwa kuosha vyombo?" Hapo kijana akavuta stuli karibu. Alipofika New York alikuwa na miaka 16. Akaenda kujaribiwa kwenye kikundi cha maigizo cha Waafrika-Wamarekani huko Harlem, akafukuzwa, kwa sababu kusoma kulimshinda na lafudhi yake ya visiwani ilikuwa nzito. Akanunua redio na miezi sita akawa anaigiza watangazaji, neno kwa neno. Kusoma nako alifundishwa na mhudumu mmoja mzee, Myahudi, kwenye hoteli alikokuwa akiosha sahani. Usiku kazi ikiisha walikaa na gazeti, mzee akimfafanulia maneno magumu.

"Ni kama sisi tukienda Nairobi," kijana akasema. "Ukifungua mdomo tu, wanajua umetoka ziwani."

Mteja aliyenuna akaacha kununa. Naye akaomba akopiwe moja.

Huyo ndiye muuzaji ninayemtaka mimi. Pale sokoni kuna mtu anauza pazia na hajui kama ni pamba au polista. Huyu alikuwa hamjui Poitier Jumanne, na Ijumaa alikuwa anamuuza kama binamu yake.

Sasa lawama. Nilirudi nyumbani na faili nane. Nikachomeka flashi kwenye televisheni, picha ikaja safi, midomo inacheza, sauti hakuna. Nikabonyeza kila kitufe cha rimoti. Baba kakaa kwenye kiti chake na miwani myeusi ya hospitali, anatazama watu bubu. "Labda ni filamu za kabla ya sauti kuvumbuliwa," akasema, na sikujua kama ananitania. Kumbe faili zimefungwa kwa namna ambayo televisheni yangu haielewi sauti yake. Nikapanda boda tena, shilingi 50 kwenda, 50 kurudi. Kijana hakubisha wala hakunidai. Alizigeuza zote upya nikiwa nimekaa pale, moja baada ya nyingine, ule mstari wa kijani ukitambaa kama konokono. Kabla ya faili ya tano stima zikapotea. Tulingoja dakika arobaini. Akanitumia mtoto wa jirani aniletee soda, na pesa ya soda akatoa yeye. Lakini kosa lenyewe lisingetokea kama angeuliza mapema nina televisheni gani. Muulizeni ninyi.

Lawama nyingine ni majina. Faili iliyoandikwa 1963 ilikuwa ya 1972, na folda nzima imepangwa kwa alfabeti, jambo ambalo kwa mtu anayetaka kumwona binadamu akikua ni sawa na kusoma barua kuanzia katikati. Nilizipanga mwenyewe kwa miaka, na nawashauri mfanye hivyo.

Tulianza na No Way Out ya 1950, akiwa na miaka 22 alipoigiza, tayari ni daktari mwenye koti jeupe. Kisha Something of Value ya 1957. Hii nilitaka kuiruka, Baba akakataa. Ni filamu ya Marekani kuhusu Mau Mau, iliyotoka wakati hali ya hatari hapa kwetu ilikuwa bado haijaondolewa. Poitier ni Kimani, amelelewa pamoja na mtoto wa mzungu, Rock Hudson, mpaka siku anapigwa kofi na shemeji ya rafiki yake na urafiki unaanza kuoza. Lile la kwanza hakulirudisha. Mwishoni Kimani anakufa shimoni na rafiki yake mzungu anaondoka na mtoto mchanga wa Kimani.

Baba alinyamaza muda mrefu. "Hata mtoto wamemchukua," akasema. Akaomba maji.

Lilies of the Field nilidhani itanilaza. Fundi anayepita njia na gari lake huko Arizona anakamatwa na masista wanaozungumza Kijerumani, Kiingereza chao kidogo mno, wanamfanya awajengee kanisa bila mshahara. Hakuna bunduki, hakuna mapenzi, kuna matofali. Lakini mama mkuu wa wale masista ni mwanamke nimjuaye, ndiye anayenunua mapazia kwangu na kulipa kwa baraka. Kwa filamu hiyo Poitier alipata tuzo ya Oscar mwezi wa Aprili 1964, mtu Mweusi wa kwanza kuipata kama mwigizaji bora wa kiume. Ule wimbo anaowafundisha masista si sauti yake, maana kuimba hakuwa na sikio kabisa, aliazimwa sauti ya mtu mwingine. Baba alifurahi mno kusikia hivyo. Yeye mwenyewe alifukuzwa kwaya mara mbili.

Mwaka wa 1967 ndio ulikuwa wake: filamu tatu, zote zikajaza watu. To Sir, with Love tuliitazama mara mbili mfululizo kwa sababu Baba alikuwa mwalimu, na walimu wakitazama walimu ni kama mafundi wakikagua ukuta wa mwingine. Kijana wa Guyana amesomea uhandisi, amekosa kazi London, anachukua darasa la watoto watundu wa mitaa ya mashariki. Anapotupa vitabu kwenye pipa na kuwaambia kuanzia leo wataitana kwa heshima kama watu wazima, Baba aligonga mkono wa kiti. "Vitabu vya serikali! Mkaguzi angemla nyama." Lakini mwishoni, Poitier anapoichana barua ya kazi ya uhandisi aliyoisubiri filamu nzima, mzee aliondoa miwani na kufuta lile jicho jipya, ambalo tumekatazwa kuligusa.

Guess Who's Coming to Dinner haikunikolea. Watu wanaongea, wanakunywa, wanaongea tena. Daktari wa Poitier ni mkamilifu hivi kwamba baba mkwe akimkataa itabidi akatae na malaika. Si mimi wa kwanza kuliona hilo. Mwaka huo huo kuna Mmarekani Mweusi aliyeuliza gazetini kwa nini weupe wanampenda Poitier kiasi hicho, na jibu lake halikuwa la kumsifu. Lakini jueni pia kwamba walipoipiga filamu hiyo ndoa ya Mweusi na mweupe ilikuwa bado kosa la jinai katika majimbo kadhaa ya Marekani. Mahakama yao ya Juu ilifuta sheria hizo Juni 1967, miezi michache kabla haijaonyeshwa.

Tukafika kwenye kofi.

In the Heat of the Night. Poitier ni Virgil Tibbs, mpelelezi wa mauaji kutoka Philadelphia, amekwama kwenye mji mdogo wa Mississippi ambako polisi walimkamata kwanza ndipo wakamuuliza yeye ni nani. Anakwenda na mkuu wa polisi wa pale, Rod Steiger, mtu wa kutafuna chingamu bila kupumzika, kumhoji tajiri wa pamba, Endicott. Wanamkuta kwenye nyumba ya vioo anamotunza okidi zake. Wanaanza kwa adabu, wanazungumza maua. Swali linapomgusa, Endicott ananyanyua mkono, paa! Na kabla huo mkono haujashuka, wa Tibbs umeshafika. Hakuna hata nusu sekunde kati yake.

"Hapo!" Baba alisimama. Mtu wa kushikiliwa kwenda chooni alisimama peke yake. "Rudisha nyuma."

Nikarudisha. Mara ya tatu akaniambia niache kumtazama Poitier. "Mtazame yule mwenye trei." Ndipo nikamwona. Pembeni amesimama mtumishi wa Endicott, mzee Mweusi, ameleta limau ya kuwakaribisha wageni. Ameona yote. Trei iko mkononi, glasi ziko pale pale, na uso wake unasema mambo mawili kwa pamoja.

"Nilipoiona Nairobi, kwenye kozi ya walimu mwaka wa 1968, sinema nzima ilipiga kelele," Baba akasema. "Lakini mimi nilikuwa nikimtazama huyu. Baba yangu alibeba trei hiyo kwa DC miaka kumi na mmoja."

Sikuwahi kulijua hilo. Nina miaka 52.

Filamu hiyo ilipata Oscar ya filamu bora, Steiger akapata ya mwigizaji bora, na Poitier hakuteuliwa hata. Sherehe yenyewe iliahirishwa siku mbili, hadi tarehe 10 Aprili 1968, kwa sababu Martin Luther King alikuwa ameuawa na alikuwa anazikwa. Na ingawa hadithi ni ya Mississippi, sehemu kubwa walipigia Sparta, Illinois, kaskazini. Poitier hakutaka kulala Kusini. Mwaka wa 1964 yeye na mwimbaji Harry Belafonte walipeleka dola 70,000 taslimu mjini Greenwood, Mississippi, kuwasaidia waliokuwa wakiandikisha Weusi wapige kura, na usiku ule wakafukuzwa na magari ya Klan, lile kundi la wazungu wabaguzi.

Hapo Belafonte alipotajwa ndipo Baba alipofungua jambo ambalo naona ndilo lililomfanya aulizie Poitier tangu mwanzo. Mwaka wa 1959 Tom Mboya, huyu wetu aliyezikwa Rusinga, alikuwa akihangaika Marekani kutafuta pesa za ndege, kwa sababu vijana walikuwa wamepata nafasi vyuoni na hawana nauli. Barua ya kuwaomba Wamarekani wachange ilitiwa sahihi na watatu: Jackie Robinson wa besiboli, Belafonte na Poitier. Septemba mwaka ule ndege ikatua New York na wanafunzi 81. Mwaka uliofuata Baba naye alikuwa na barua ya chuo. Babu akafariki mwezi wa Juni, na kifungua mimba haachi mji. Akaenda chuo cha ualimu hapa hapa.

"Alinichangia nauli," akasema, "na mimi sikupanda." Kisha akaniuliza kama kuna ugali umebaki.

Nilirudi kwa kijana Jumamosi nikamsimulia. Alizima spika ya DJ, jambo ambalo sijawahi kuliona, akaniambia basi kuna moja lazima mzee aione: Separate but Equal ya 1991, si ya sinema, ilitengenezwa kwa ajili ya televisheni. Humo Poitier ni Thurgood Marshall, wakili aliyeshinda kesi ya kukomesha ubaguzi mashuleni Marekani mwaka wa 1954. Nikamwambia kijana jambo ambalo yeye hakulijua, nikajisikia vizuri: Marshall huyo huyo alikuja mkutano wa Lancaster House, London, mwaka wa 1960, kuwasaidia wajumbe wetu kuandika sura ya haki za raia katika katiba ya Kenya. Tuliachana tukiwa sare.

Ila ameniuzia nusu. Filamu hiyo ina sehemu mbili, na kwenye flashi kuna ya kwanza tu. Mawakili wamejiandaa, mahakama inakaribia kukaa, na skrini inakuwa nyeusi. Baba amekuwa akiniuliza kila asubuhi kama Marshall ameshinda, na ninamwambia matokeo yako kwenye vitabu vya historia, anasema hataki vitabu, amenunua jicho.

Bonasi nilizopewa: Stir Crazy ya 1980, ambayo Poitier hayumo bali aliielekeza, na ikaingiza zaidi ya dola milioni 100. Wajukuu waliipenda. Pia kuna mateke mawili ya DJ Afro ambayo sikuyaomba. Nilitaka kuyafuta ila nilimkuta Baba anayatazama saa nne usiku, anacheka mpaka anakohoa.

Nyota nne. Ya tano nimeikata kwa sauti, majina na ile nusu. Nendeni kabla ya saa nne asubuhi, jua likipanda kile kibanda ni tanuri. Bebeni flashi yenu na noti ndogo, maana chenji hana na mtandao wa kutuma pesa mle ndani unashika ukisimama mlangoni tu. Mara ya mwisho nilipopita sehemu ya pili ilikuwa inashuka, imefika asilimia 62, kisha stima zikapotea tena. Ukifika na ukimkuta, mkumbushe kwamba mathe wa mapazia ameshalipa shilingi 25.